Nilivyokula Mbegu ya Mama

Mbegu ya mgagani ni nyeusi, ndogo kuliko kichwa cha pini, na ukiitazama kwa karibu utaona imejikunja kama konokono. Mama alitia mbegu zote alizobaki nazo katika kichupa cha dawa, akakiziba kwa kitambaa, akanikabidhi mimi. Hilo ndilo kosa pekee alilofanya mama katika habari hii. Mengine yote ni yangu.

Kama huujui mgagani, ni ile mboga chungu yenye majani yaliyokaa kama vidole vya mkono, ambayo sisi Wajaluo tunaiita dek. Huchemshwa, maji yake ya kwanza yakamwagwa, kisha ikatiwa maziwa na kuachwa itulie. Mgagani wa mama ulikuwa na shina la zambarau na majani mapana, na uchungu wake ulikuwa na adabu: unauonja, halafu unaondoka. Alikuwa ameupata kwa mama yake, naye aliupata kwa mama yake. Wanawake waliokuja sokoni Homa Bay siku ya soko walipita mafungu ya wengine wakaja kumtafuta yeye. Mboga hiyo ndiyo iliyonivisha na kunisomesha, kwa hiyo naweza kusema kwamba nilikuwa mwalimu aliyeoteshwa na majani.

Lakini katika miaka ile ya mwanzo wa uhuru ziwa lilipanda. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja taratibu, kama mgeni anayesogeza kiti kidogo kidogo. Msimu mmoja lilichukua migomba, msimu uliofuata likachukua bustani ya mboga, na mwishowe likaingia nyumbani. Vibuyu vya mbegu vilivyokuwa vikining'inia juu ya jiko vilianguka pamoja na paa. Kilichopona ni kichupa kile, kwa sababu mama alikuwa amekiweka katika sanduku lake la nguo. Jamaa wote wa ufuoni walihamia mlimani, na baba akajenga mji mpya, yaani boma letu, huko juu.

Hapa inanibidi nieleze desturi, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini mama, mkulima hodari, alimpa mbegu yake mtu kama mimi. Kwetu, katika mji wa mume mwenye wake zaidi ya mmoja, mbegu haipandwi na yeyote aliyeamka mapema. Mume na mke wa kwanza hufungua msimu. Mke wa kwanza akishatia mbegu yake ardhini, ndipo wa pili naye hupanda, kisha nyumba za wana, kila moja kwa zamu yake. Atakayeruka zamu anauletea mji balaa, na hakuna mtu mwenye akili anayetaka kuwa wa kwanza kujua ni balaa gani. Mama alikuwa mke wa pili. Baba alikuwa kibaruani kwenye chai huko Kericho, na tangu amalize kujenga mji mpya hakuwa amepata likizo ya kuja kuufungulia msimu. Kwa hiyo mama mkubwa, yaani mke wa kwanza, alimngoja baba, na mama alimngoja mama mkubwa. Wakati huo mbegu ilikuwa inazeeka ndani ya kichupa. Mbegu ya mboga si chuma. Ukiiweka mno inakufa kimya kimya, na hutajua mpaka umeipanda.

"Shamba la shule halina mke mkubwa," mama aliniambia nilipokuja likizo ya Agosti. "Nenda ukapande huko, iote, ikomae, uniletee mbegu mpya. Mboga nyingine zote kula upendavyo. Hii usile."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa mwalimu kijana, katika umri wa kujua kila kitu, na nilikuwa nafundisha somo la mimea kwa kutumia ubao na chaki.

Shule yenyewe ilikuwa upande wa Uriri, nami nilikaa katika nyumba ndogo ya mwalimu yenye kibaraza na kipande cha ardhi nyekundu mbele yake. Sikuwa nimeoa. Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mwanamume wa kwetu alilima mahindi, mtama na miwa bila aibu, lakini mboga za majani zilikuwa za wanawake. Mwanamume aliyeonekana ameinama akitunza mboga angejadiliwa mtoni asubuhi na sokoni mchana, na jioni wangemcheka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa naimba besi katika kwaya hiyo.

Basi nikabuni hila. Maua hayakuwa na aibu. Maua yalikuwa mambo ya watu waliosoma. Yalipandwa mbele ya ofisi na misheni, na mwalimu mkuu wetu alitamani sana shule ipendeze. Nikaomba mbegu za zinia misheni, nikatangaza kwamba naanzisha bustani ya maua. Nilipanda zinia kuzunguka pande zote, na katikati, palipofichika, nikapanda mgagani. Nilifanya kazi hiyo Jumapili watu wakiwa kanisani. Kiongozi wa kwaya nilimwambia naumwa tumbo.

Upandaji wenyewe niliufanya vizuri, na ningependa nisifiwe hapa kwa sababu nafasi nyingine haitapatikana. Nililainisha udongo mpaka ukawa kama unga, nikachanganya samadi ya zamani, si mbichi, maana mbichi huunguza. Mbegu ndogo kama hizi usizimwage peke yake, zitaanguka mahali pamoja. Zichanganye na mchanga mkavu, unyunyize, kisha ufunike kwa udongo mwembamba tu. Ukizizika kwa kina hazitapata nguvu ya kutoka. Mvua za vuli zilikuja kwa wakati. Mbegu, kwa kuwa zilikuwa zimezeeka, ziliota hapa na pale kama nywele za mtoto mchanga. Niliihesabu miche kila asubuhi kabla ya kengele, na kila asubuhi nilipata hesabu tofauti.

Mgagani ukachanua. Kama hujawahi kuuacha uchanue, jaribu siku moja. Unatoa maua meupe yenye rangi kidogo ya zambarau na masharubu marefu kama ya paka. Mwalimu mkuu alisimama mbele ya bustani yangu, mikono nyuma, akauliza lile ua la katikati limetoka wapi. Nikasema ni ua la huko ziwani. Akasema ni la heshima kuliko zinia, na akawaonya wanafunzi wasilikanyage. Niliingia nyumbani nikajicheka kwa furaha. Nilikuwa nimeificha mboga mbele ya macho ya shule nzima.

Ila niliposema shule nzima, nilikuwa nafikiria wanaume.

Njia ya kwenda mtoni ilipita kando ya nyumba yangu, na wanawake walipita hapo kila siku wakiwa na mitungi yao. Shamba lililopakana na shule lilikuwa la mama mmoja mwenye watoto wengi na kicheko kinachosikika mpaka darasa la saba. Nitamwita mama jirani. Yeye na wenzake waliujua mgagani wangu tangu ukiwa na majani mawili. Mwanamke wa kwetu anautambua mgagani akiwa ng'ambo ya mto. Na sasa fikiria walichokiona. Mgagani wa kula huchumwa ncha zake mara kwa mara, na ua likichomoza tu hukatwa, ili majani yazidi kutoka. Nyumba ambayo mgagani wake umechanua ni nyumba ambayo mama mwenyewe ni mgonjwa au ni mvivu. Kwa hiyo hawakuona bustani ya maua. Waliona kapera mwenye njaa, aliyepanda mboga, akaona haya kuichuma, mpaka ikaanza kuzeeka mbele yake. Walinihurumia. Kama wangenicheka tu, mbegu ya mama ingepona.

Mwezi wa Novemba tukapata habari kwamba afisa wa elimu atakuja kukagua shule pamoja na wajumbe wa kamati. Mwalimu mkuu akaamua chakula cha mchana kiliwe kibarazani kwangu, kwa ajili ya maua. Nilijiona nimepanda cheo. Mama jirani na wenzake wakakubali kupika.

Siku ilipofika, afisa alitaka kuona mwalimu akifundisha, na aliyechaguliwa ni mimi. Nikachora ua kubwa ubaoni. Nikawaeleza watoto jinsi ua linavyogeuka kuwa tunda, tunda likabeba mbegu, na mbegu ikabeba kizazi kinachofuata, na kwamba mtu akilikata ua amekata na wajukuu zake. Nilipaaza sauti pale penye wajukuu. Afisa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Wakati huo huo, kwa jinsi nilivyokuja kupiga hesabu baadaye, mama jirani alikuwa bustanini kwangu na ungo.

Jua lilikuwa limefika kibarazani, kwa hiyo tuliingizwa kwa mlango wa nyuma, tukaketi mezani ndani. Palikuwa na ugali wa mtama, samaki wa kukaushwa aliyetiwa mchuzi, na chungu cha mboga iliyopikwa kwa maziwa na samli. Nilitia tonge la kwanza mdomoni. Ulikuwa uchungu ule wenye adabu. Nilimwona mama, niliona ufuo, niliona jiko letu kabla ya maji. Nikamgeukia afisa nikamwambia kwamba tangu nitoke nyumbani sijawahi kula mboga iliyopikwa kama ya mama yangu, na nikawasifu wapishi kwa maneno mengi. Kisha nikajiongezea mboga mara ya pili. Nilikuwa nimeshapangusa bakuli kwa ugali ndipo afisa aliposema angependa sasa kuyaona hayo maua yanayosifiwa.

Tukatoka wote. Zinia zilikuwa pale, nyekundu na za machungwa, zimesimama kwa duara safi. Katikati palikuwa na vijiti.

Afisa aliziangalia zinia, akasema zinapendeza, akaendelea kuelekea ofisini na mwalimu mkuu. Mimi nilibaki. Mama jirani akaja akifuta mikono kwenye kanga yake, uso wote umejaa wema.

"Tumekusaidia, mwalimu," alisema. "Ilikuwa imeshaanza kuzeeka."

Nikamwuliza maua yako wapi.

"Maua yanaliwa na mtu? Nimempa ndama."

"Mama, ile haikuwa mboga," nilisema.

"Haikuwa mboga," alirudia polepole, akiwatazama wenzake waliokuwa wakisuuza vyungu. "Na ulichoongeza mara ya pili kilikuwa nini?"

Walicheka mpaka mmoja wao akakaa chini. Nami nilipoona sina tena cha kuficha, nikawaambia yote: ziwa, paa lililoanguka, kichupa, mji mpya ambao haujafunguliwa, na kwamba mama hana mbegu nyingine. Kicheko kikaisha. Mama jirani akaingia katikati ya zinia, akapiga magoti, akaanza kuchunguza kijiti kimoja kimoja.

"Ungesema," aliniambia bila kugeuka. "Si una mdomo? Tumechuma ncha, hatukung'oa. Litakalochipua litachipua."

Basi kuanzia siku hiyo sikuwa na siri, na nakuambia, wewe unayeona haya kuanza bustani kwa sababu ya macho ya watu, kwamba siri ni kazi ngumu kuliko jembe. Lakini usidhani mambo yalinyooka. Mama jirani alishauri nitie majivu ili wadudu wasile machipukizi. Nikamwaga karai zima. Miche iliyokuwa upande wa karai hilo ilikauka ikawa kama ya kuchorwa kwa mkaa. Yeye alidai hadi mwisho kwamba alisema kiganja. Mimi nakumbuka karai.

Iliyobaki ikachipua ubavuni, na mmea uliokatwa ncha hutoa matawi mengi kuliko yale uliyokuwa nayo kwanza; hilo lilikuwa la kushukuru. La kusikitisha ni kwamba mvua za vuli zilikuwa zimekwisha. Mbegu haitajaa ndani ya ganda kama mizizi haipati maji, kwa hiyo ilinibidi niyalete kutoka mtoni. Nilianza kwa baiskeli, debe likiwa nyuma, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimemwagilia njia. Nikajaribu kubeba begani, kwa kuwa mwanamume hajitwiki maji kichwani, nikafika nimelowa upande mmoja. Mwishowe mama jirani alinisokotea ngata ya majani makavu ya mgomba, akaniwekea utosini yeye mwenyewe, na debe juu yake, mbele ya wanawake wote wa mtoni, akaniambia nitembee kama niko kanisani. Nilitembea. Wanafunzi wangu walijificha nyuma ya ua wa minyaa wakanitazama, na sikuwa na mkono wa kuwatishia.

Shule zilipofungwa Desemba sikwenda nyumbani. Kama ningeondoka, jua lingemaliza kila kitu. Nilimtumia mama salamu kwa mchuuzi mmoja wa samaki aliyekuwa akienda Homa Bay, kwamba kazi imenibana na sitakuja Krismasi. Salamu zake zikarudi kwa mchuuzi huyo huyo: kama kazi hiyo ni msichana, nisiifiche, nije naye. Ningejibu nini? Kwamba si msichana, ni mboga, na kwamba niliila? Nikamwambia mchuuzi aseme nimesikia.

Krismasi yangu niliifanya bustanini. Maganda yalikuwa yamening'inia, membamba na marefu, ya kijani. Ganda la mgagani lina tabia ya hila. Likiiva hugeuka manjano, kisha hudhurungi, kisha hupasuka wakati umempa mgongo, mbegu zote zikamwagika. Unatakiwa ulichume likiwa la manjano. Mimi, kwa hofu ya kupoteza hata moja, nilivisha matawi soksi zangu zote nikazifunga kwa uzi. Mwalimu mkuu aliporudi Januari alisimama tena mbele ya bustani, mikono nyuma, akayatazama yale maua ya heshima yakiwa yamevaa soksi. Hakuuliza. Ila tangu siku hiyo alikuwa akizungumza nami taratibu, kama mtu anavyozungumza na aliyetoka kuugua.

Nilikausha maganda kivulini juu ya gunia. Usiyaweke kwenye bati juani. Mbegu huiva kama njugu na haitaota. Yakishakauka, yasugue kwa viganja, kisha pepeta kwa pumzi ndogo. Pumzi yangu ilikuwa ya mwimbaji wa besi. Mbegu nyingi zilisambaa sakafuni, na jioni nzima nilitambaa nikiziokota kwa ncha ya kidole kilicholowa, pamoja na mchanga, kinyesi cha mjusi na kitu kimoja ambacho hadi leo sijui ni nini. Nilipozitia katika kichupa hazikufika hata nusu.

Kisha nikajitia hofu mpya. Nilipanda chache katika kopo ili nione kama ni hai. Hakikuota kitu. Nikangoja, nikamwagilia, nikalihamisha kopo dirishani, nikalihamisha tena mlangoni. Hakikuota kitu. Wiki hizo sikuimba. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo nililiona kwa mama tangu utotoni, na ambalo nawe ulishike: mbegu mpya ya mgagani hulala kwanza. Ukiipanda ikiwa imetoka tu kwenye ganda, haikujibu. Iache ipumzike kwa miezi, mahali pakavu, ndipo iamke. Lakini kukumbuka huko hakukunipa uhakika. Iliyolala na iliyokufa zinafanana.

Aprili nikarudi nyumbani na kichupa mfukoni. Baba alikuwa amepata likizo yake. Alikuja, msimu ukafunguliwa, na mama mkubwa alikwisha kupanda mahindi na mtama. Mama alikuwa amelima kijibustani chake, udongo umelainika, hakuna hata kijiti ndani yake. Alimimina mbegu kwenye kifuniko cha soda, akakitikisa.

"Hizi ndizo zote?"

"Ndizo, mama."

"Nilikupa zaidi ya hizi."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, hata kuongeza mara ya pili. Alisikiliza akiwa amekiangalia kifuniko, na nikajiandaa kupokea nilichostahili.

"Walitia maziwa?" aliuliza.

"Walitia."

"Na uchungu wake?"

"Ulikuwa ule ule, mama. Unaonja, unaondoka."

"Basi haijageuka," alisema, na akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Halafu akafanya jambo lililoniudhi. Aligawa mbegu zile katika mafungu mawili, akafunga moja kwenye jani, akaniambia nimpelekee mama mkubwa. Nikapinga. Nilimweleza kwamba mbegu ni chache, kwamba sijui hata kama ni hai, kwamba baba mwenyewe alisema mahindi ya mama mkubwa yamekwisha kufungua njia kwa mbegu zote. Mama akasema baba anajua chai. Mboga haijapandwa katika mji huu na mke wa kwanza, na yeye hataitia mbegu yake ya mwisho ardhini kwa kubahatisha. Mama mkubwa hana mgagani; wake pia ulikwenda na maji. Hawezi kufungua kwa mkono mtupu.

Lazima ujue kwamba wake hawa wawili hawakuwa wamegombana. Walikuwa hawasemezani tu, tangu kuku wa mama mkubwa walipofukua miche ya mama kule ufuoni. Chumvi iliombwa kwa kupitia watoto. Mimi, mwalimu wa serikali, nikawa mtoto wa kutumwa tena.

Mama mkubwa alikuwa barazani kwake akichambua maharagwe. Alifungua jani akatazama.

"Mama yako amekutuma?"

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Yeye hana miguu?"

"Anayo."

Akafunga jani, akaliweka kwenye kifua chake ndani ya nguo. "Mwambie nitapanda leo jioni. Na mwambie kuku nimewafungia."

Mama alipanda kesho yake asubuhi. Kisha ikaanza kazi ya kungoja, ambayo hakuna aliyeizoea. Mvua ilinyesha usiku, jua likatoka mchana, hali iliyofaa kabisa, na bustani zote mbili zikakaa kimya. Mama alifagia uwanja upande ule ule mara nyingi kuliko ulivyochafuka. Nilianza kufikiria kazi nyingine ambayo mama angeweza kufanya sokoni, na kila nilipofikiria nilimwona ameketi nyuma ya mafungu ya mboga za watu wengine.

Likizo ilikuwa karibu kwisha siku mama mkubwa alipoita kutoka upande wake. Hakumwita mtoto. Alimwita mama mwenyewe, kwa jina lile wanaloitana wake wenza.

"Nyieka, njoo utazame. Sijui kama hii ni yako au ni magugu ya mwanao."

Mama akaweka ufagio chini. Alipita kwenye ua, kwa mara ya kwanza nadhani tangu mji ujengwe, nami nikamfuata nyuma. Udongo wa mama mkubwa ulikuwa umechomozwa na vijani vidogo sana, viwili viwili. Mama alichuchumaa. Akiwa na miche ya ukubwa ule mtu anaweza kujidanganya, na mimi nilikuwa tayari kujidanganya pale pale, lakini yeye alikisogeza kijani kimoja kwa ukucha, akainamisha kichwa karibu na ardhi, akalitazama shina lake kwa muda mrefu. Mama mkubwa akachuchumaa kando yake. Sikuthubutu kupumua, kwa kuwa pumzi yangu nilishaijua.

"Zambarau," alisema mama. "Ndiyo yenyewe."

Mama mkubwa akasema ameona imeota vizuri upande wa juu kuliko wa chini. Mama akasema upande wa chini maji yanatuama, angechimba kijifereji. Mama mkubwa akauliza wachume lini. Mama akamjibu kwamba hii ya kwanza wasiichume hata jani. Yote iachwe ya mbegu, na yake itakapotoka iachwe vilevile, maana isiyoota huku itaota kule, na mmoja wao akikosa mwenzake atakuwa nayo. Wakaanza kuonyeshana kwa vidole, huu uachwe, huu upunguzwe, ule una shina nene. Walikwenda kutazama bustani ya mama, wakaona kijani kimoja kimejitokeza pembeni, wakarudi. Mama mkubwa akaleta jembe. Wakaanza kuchimba kijifereji, mmoja akichimba, mwingine akitoa udongo kwa mikono.

Jua lilifika utosini likaanza kuteremka. Nilikohoa kidogo, nikiwa nimesimama pale kwenye ua. Nilisema kwa sauti kwamba wageni wengine wangekuwa wameshapewa chai. Hakuna aliyegeuka. Nikaingia jikoni mwenyewe, nikafunua chungu kimoja baada ya kingine, nikapata kiporo cha ugali wa jana. Nikaketi juu ya kinu nikala ugali huo mkavu, bila mboga.